Mbolea ya Ruzuku Trans Nzoia: Nafuu Inaishia Wapi?

Katika kaunti ya Trans Nzoia mahindi yana msimu mmoja tu. Hupandwa Machi na Aprili mvua zinapoanza, huvunwa kuanzia Oktoba hadi mwaka unapoisha, na mkulima aliyechelewa hana mvua za vuli za kumfidia kama wenzake wa Embu au Machakos. Kwa hiyo ruzuku ya mbolea, ambayo Nairobi husomwa kama fungu la bajeti, huku chini ya Mlima Elgon huulizwa maswali mengine: imefika lini, imefika wapi, ni ya aina gani, na nani ameandikiwa?

Naandika nikiamini kwamba ruzuku hii ni haki ya mkulima na kwamba imesaidia. Lakini imepangwa vibaya. Serikali imejifunga kwenye bei ya mfuko mlangoni mwa ghala lake, ilhali faida na hasara ya mkulima huamuliwa kabla hajafika mlangoni pale na baada ya kuondoka.

Serikali kumbeba mkulima wa Trans Nzoia si jambo la jana. Reli ilifika Kitale mwaka 1926, na nauli ya kusafirisha mahindi ya masetla kwenda nje iliwekwa chini makusudi. Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto, mwaka 1942, serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuongeza uzalishaji: mlowezi alihakikishiwa bei, akapewa ruzuku ya kuvunja ardhi mpya, na akawekewa kiwango cha chini cha mapato kwa kila ekari aliyopanda, hata mimea ikiharibika. Mwafrika aliyelima mahindi yale yale alilipwa bei ya chini kuliko jirani yake Mzungu. Mpango ule wa mapato ya uhakika uliendelea baada ya Uhuru hadi miaka ya 1970, ukiwafaa zaidi wenye mashamba makubwa. Naitaja historia hiyo kwa sababu moja. Msaada wa serikali haujawahi kukosekana katika ardhi hii; kilichobadilika ni mlango unaoupitia, na mlango ndio unaoamua nani anaingia.

Mbegu ilienea kwa njia nyingine. Kampuni ya Kenya Seed, iliyoanzishwa Kitale mwaka 1956, ilitoa mahindi chotara ya H611 mwaka 1964, na mkulima mdogo aliyanunua dukani kama anavyonunua chumvi. Mbolea nayo ilifuata njia hiyo baada ya serikali kuondoa udhibiti wa bei mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wafanyabiashara waliingia, maduka ya pembejeo yakafunguliwa hadi kwenye vituo vidogo vya soko. Watafiti wa Taasisi ya Tegemeo ya Chuo Kikuu cha Egerton walifuatilia kaya zile zile kwa miaka: mwaka 1997 mkulima wa kawaida alikuwa umbali wa takriban kilomita 8 kutoka kwa muuzaji wa mbolea aliye karibu naye, kufikia 2007 umbali huo ulikuwa umeshuka hadi kama kilomita 3 na nusu. Wakulima wadogo wanaotia mbolea kwenye mahindi waliongezeka kutoka asilimia 56 mwaka 1996 hadi 70 mwaka 2007. Yote hayo yalitokea bila ruzuku kubwa. Anayetaka kuijadili ruzuku ya leo aanzie hapo, kwamba duka lilikuwa limeshamfikia mkulima.

Kisha ukaja mwaka 2008. Bei ya mbolea duniani iliruka, na nchini machafuko ya baada ya uchaguzi yalikuwa yametoka kuliumiza Bonde la Ufa. Serikali ilitegemea njia mbili kwa wakati mmoja, na tofauti kati yazo inatufundisha mengi hadi leo. Ya kwanza ilikuwa Kilimo Plus, sehemu ya mpango uliojulikana kwa kifupi kama NAAIAP, ulioanza mwaka 2007. Mkulima maskini mwenye ekari chache alipewa vocha ya kilo 10 za mbegu bora, mfuko wa mbolea ya kupandia na mfuko wa kukuzia, vinavyotosha ekari moja. Vocha hiyo aliipeleka kwenye duka la mtu binafsi karibu na kwake. Njia ya pili ilipitia Halmashauri ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao, NCPB: mbolea iliagizwa na serikali, ikawekwa kwenye maghala yake, ikauzwa chini ya bei ya soko kwa yeyote mwenye barua ya chifu na usafiri.

Utafiti wa Tegemeo pamoja na Chuo Kikuu cha Michigan State ulionyesha kwamba vocha iliongeza mavuno ya kaya na kupunguza makali ya umaskini, kwa kuwa ilimfikia mtu ambaye asingenunua mbolea kwa fedha zake. Ya ghala ilikuwa na kasoro yake. Sehemu kubwa ilikwenda kwa watu ambao wangenunua dukani vyovyote vile, kwa hiyo mfuko wa serikali ulichukua nafasi ya mfuko wa duka badala ya kuongezeka juu yake. Pamoja na ushahidi huo, ni njia ya ghala iliyodumu na kukua, na vocha ya maskini ikafifia. Sababu si ngumu kuiona. Ghala lina picha: malori yamepangwa, waziri amesimama mbele ya rundo la mifuko. Vocha iliyo mfukoni mwa mama mjane wa eneo la Kwanza haipigiwi picha.

Sura ya sasa ilianza na vita vya Ukraine. Urusi ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa mbolea duniani, na mapema 2022 mfuko wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya kupandia, ulikuwa umepita shilingi 6,000 madukani. Serikali ya Uhuru Kenyatta ilitenga shilingi bilioni 5.7 na kuuza DAP kwa 2,800. Septemba mwaka huo huo William Ruto, siku ya kuapishwa kwake, alitangaza mifuko milioni 1.4 kwa shilingi 3,500 badala ya 6,500. Tangazo hilo lilishangiliwa kote nchini, lakini lilikuwa la mvua za vuli, na Trans Nzoia wakati huo ilikuwa inangoja kuvuna. Wakulima wa hapa walionja nafuu ile kwanza Machi 2023, wakilipa 3,500. Bei iliposhushwa hadi 2,500 mwezi Agosti, mahindi yao yalikuwa tayari yamebeba. Kalenda ya siasa na kalenda ya shamba hazilingani, na katika kaunti ya msimu mmoja kutolingana huko hugharimu mwaka mzima.

Lililo jema katika mpango huu mpya ni usajili. Kuanzia mapema 2023 machifu na wazee wa vijiji waliandikisha wakulima, majina yakaingizwa katika mfumo wa kidijitali, na mkulima akawa anapokea ujumbe kwenye simu unaomweleza idadi ya mifuko yake na bei. Wakulima zaidi ya milioni 5 wamesajiliwa nchini. Barua ya chifu, iliyoweza kununuliwa, imepungua nguvu. Hayo ni maendeleo ya kweli na hayafai kubezwa.

Lakini tufuate mfuko mmoja. Chukua mkulima wa ekari moja kule Chepchoina, karibu na mpaka wa Uganda. Ujumbe umeingia: mifuko miwili. Anatafuta shilingi 5,000 kwa mara moja, kwani ghala halikopeshi. Duka la kijijini lingemuuzia kwa kilo, kilo tano leo na kumi wiki ijayo baada ya kuuza kuku. Anapanda bodaboda hadi kituo alichopangiwa. Foleni ni ndefu, na akifikia dirisha anaambiwa mbolea ya kupandia imekwisha, iliyobaki ni ya kukuzia, au ni NPK ya aina asiyoizoea. Anarudi nyumbani mikono mitupu, anakwenda tena baada ya siku tatu. Tuseme kila safari imemla shilingi mia kadhaa, na mzigo wa kilo 100 umemla mia nyingine kadhaa, bila kuhesabu siku ambazo jembe lililala. Mwenye ekari mia moja hutuma lori na karani mara moja, na gharama hiyo akiigawa kwa kila mfuko haionekani. Bei iliyoandikwa ni moja kwa wote wawili, lakini bei waliyolipa si moja. Serikali imejaribu kusogeza mbolea hadi kwenye vyama vya ushirika, nao wakulima walio karibu navyo wamepumua. Bado maduka ya pembejeo, yale yaliyopunguza umbali kutoka kilomita 8 hadi 3 na nusu, yamewekwa nje ya mpango. Kwa miezi ile ya upanzi yanashindana na serikali badala ya kuwa mikono yake.

Kuna pia wale ambao ujumbe hauwafikii. Usajili hufungwa kwa kitambulisho na namba ya simu, na katika maboma mengi shamba, kitambulisho na simu vilivyoandikwa ni vya baba. Mke anayelima, au binti aliyebaki kutunza shamba la wazazi, anategemea hisani ya mwenye simu. Wakodi mashamba ni wengi Trans Nzoia, kwa kuwa ugawaji wa ardhi baada ya masetla uliacha mashamba makubwa pembeni mwa vijiji vya watu wasio na kitu. Mkodi hulima ekari tatu mwaka huu na moja mwaka ujao, tena kwa jirani mwingine, huku rekodi ikibaki ile ya siku aliyoandikwa. Na mwenye ekari mbili aliyemwambia mzee wa kijiji kwamba ana kumi, hupata mifuko ya ekari kumi. Mifuko ya ziada haikosi mnunuzi. Bei inapokuwa nusu upande huu wa mpaka wa Suam, ni vigumu kuizuia mbolea isivuke kwenda Uganda.

Jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha ni udongo wenyewe. Kwa miongo mingi wakulima wa hapa wamepanda kwa DAP mwaka baada ya mwaka, na DAP huongeza asidi. Tembea kwenye shamba lililochoka mwezi wa Mei uangalie mahindi yaliyofika magotini: majani yana rangi ya zambarau ukingoni, shina ni jembamba, mizizi imedumaa. Hiyo ni dalili ya kukosa fosforasi, na mara nyingi fosforasi ilitiwa, ipo pale pale chini, isipokuwa imeshikwa na aluminiamu na chuma ndani ya udongo wenye asidi. Mkulima anayeona hivyo huongeza mbolea. Anachohitaji ni chokaa ya kilimo, na hiyo hutakiwa kwa mamia ya kilo kwa ekari, mzigo ambao bodaboda haiuwezi. Upimaji wa udongo uliofanywa nchini chini ya NAAIAP, na ripoti yake kutolewa mwaka 2014, ulionyesha wazi kwamba asidi imetanda katika maeneo mengi ya mahindi. Miaka zaidi ya kumi imepita, na bado fedha za ruzuku zinamiminwa kwenye mifuko ya NPK na DAP huku chokaa ikiachiwa miradi midogo ya kaunti na mashirika. Kumpa mkulima mbolea kwa nusu bei ili aizike kwenye udongo usioiachilia ni kupoteza fedha za umma, na naona hapa ndipo wataalamu wa wizara walipopaswa kupaza sauti zaidi.

Halafu Machi 2024 ikaja aibu ambayo wakulima wengi hawajaisamehe. Ilibainika kwamba baadhi ya mifuko iliyouzwa kwenye maghala ya umma haikuwa mbolea ya kufaa, mwezi ule ule wa kupanda. Serikali iliagiza mauzo ya bidhaa hizo yasimamishwe na kuahidi kuwafidia walionunua kwa kuwapa mbolea nyingine. Mei 2, Bunge la Taifa lilipiga kura 149 kwa 36 kumng'oa Waziri wa Kilimo Mithika Linturi. Kamati teule ikamwondolea lawama siku kumi na moja baadaye, naye akapoteza kazi Julai wakati rais alipovunja karibu baraza zima la mawaziri. Katikati ya hayo, kuanzia Mei 7, Nairobi ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa Afrika kuhusu mbolea na afya ya udongo, ambapo viongozi waliahidi kuongeza uzalishaji na usambazaji wa mbolea barani mara tatu katika miaka kumi. Kwa mkulima suala halikuwa waziri. Mfuko mwingine wa bure mwezi Mei haurudishi mahindi yaliyoota manjano Aprili. Muuzaji wa dukani akimuuzia mkulima mchanga, kesho yake duka linakosa wateja. Ghala la serikali likifanya hivyo, mkulima hurudi pale pale kwa kuwa hana pengine pa bei hiyo. Mtoaji anapokuwa mmoja, kosa lake moja humwangukia kila mtu.

Je, mavuno yaliongezeka? Ndiyo. Takwimu za serikali zinaonyesha mahindi nchini yalipanda kutoka magunia milioni 34.3 mwaka 2022 hadi milioni 47.6 mwaka 2023. Mwaka 2022 ulikuwa wa ukame na 2023 mvua ilirudi vizuri, kwa hiyo si haki kuipa mbolea sifa yote, wala si haki kuinyima kabisa. Hata hivyo gunia la ziada halimaanishi fedha za ziada, na hapo ndipo uchambuzi mwingi wa ruzuku hukatika.

Tupige hesabu ya ekari moja kwa mfano. Mifuko miwili kwa 2,500 badala ya 6,500: mkulima ameokoa shilingi 8,000 kabla ya usafiri. Akivuna magunia 18 ya kilo 90 na bei ikashuka kutoka 4,000 hadi 3,000 kwa kuwa kila mtu anauza Novemba, amepoteza shilingi 18,000. Ruzuku yote imeondoka, na zaidi ya mara moja. Ekari ikizaa vizuri zaidi, hasara ya kushuka kwa bei ni kubwa zaidi. Mkulima wa Kiminini anayeambiwa ashukuru kwa mbolea nafuu huku dalali akimpimia gunia kwa bei ya kutupa ana haki ya kukasirika.

Na serikali yenyewe imekuwa ikivuta kamba pande zote mbili. Novemba 2022, miezi miwili baada ya kutangaza mbolea nafuu, waziri wa biashara alitangaza kwamba magunia milioni 10 ya mahindi yangeingizwa bila ushuru. Magunia ya Trans Nzoia yalikuwa bado mashambani. Kabla ya hapo, msimu wa 2017/18, NCPB ilinunua gunia kwa 3,200 wakati soko lilikuwa chini sana ya hapo, na bei hiyo nono iliwavuta wafanyabiashara wenye mahindi ya mbali. Wao walilipwa, wakulima halisi wakapiga foleni kwa miezi wakingoja fedha zao, na mkurugenzi mkuu wa halmashauri akajiuzulu Mei 2018. Msimu uliofuata serikali ilitangaza 2,300, ikapandisha hadi 2,500 baada ya kelele za Bonde la Ufa. Ni ghala lile lile linalouza mbolea Machi na kununua mahindi Desemba, na kasoro yake ni ile ile: mwenye lori hutangulia.

Baadhi ya dawa zipo. Mashine 100 za kukausha nafaka zilinunuliwa mwaka 2023 na kusambazwa, nazo zinagusa penyewe, maana NCPB haipokei mahindi yaliyozidi unyevu wa asilimia 13.5 na mvua za Oktoba hazimruhusu mtu kuanika. Sheria ya stakabadhi za ghala ilipitishwa mwaka 2019: mkulima aweke mahindi, apewe stakabadhi, akopee benki kwa stakabadhi hiyo na kuuza Machi au Aprili bei ikiwa juu. Mwenye magunia 18 bado hanufaiki nayo vya kutosha, kwa sababu karo ya Januari haimngoji hadi Aprili na benki haijamzoea. Kama sehemu ya fedha za ruzuku ingetumika kuwaunganisha wakulima wadogo kupitia vyama vyao ili waingize mahindi ghalani kwa pamoja, ile hesabu ya 18,000 ingebadilika upande.

Katiba ya 2010 iliweka kilimo cha mimea mikononi mwa kaunti na kuiachia serikali kuu sera. Ruzuku imebaki Nairobi: Nairobi huagiza, hupanga bei, huchagua maghala, na kaunti hujulishwa. Afisa wa kilimo wa wadi ya Endebess anajua udongo wa eneo lake na anajua nani analima na nani ana jina tu. Hakuna anayemwuliza.

Tanzania ilichagua njia tofauti ilipozindua ruzuku yake Agosti 2022 kule Mbeya, kwa bajeti ya shilingi bilioni 150 za nchi hiyo. Mkulima aliyesajiliwa anapewa namba, ananunua kwa wakala wa kawaida wa pembejeo kwa bei elekezi, na serikali inamfidia msambazaji tofauti. Njia hiyo nayo ina shida zake: mawakala wa vijijini ni wachache na fidia huchelewa. Lakini imeliacha duka likiwa hai, na mkulima halazimiki kulala mjini kungoja lori.

Kenya inaweza kufanya vizuri zaidi, kwa kuwa rejista tayari ipo na fedha za simu zimezoeleka hadi kwa bibi wa miaka themanini. Ujumbe ule ule wa simu ungeweza kukubaliwa kwenye duka lolote lililosajiliwa, na mkulima akaamua mwenyewe kama anataka NPK, CAN ya kukuzia au chokaa. Mifuko yenye nafuu ingewekewa kikomo cha ekari chache kwa kaya, wenye mamia ya ekari wakabaki sokoni wanakojiweza. Mkodi angeandikwa upya kila Januari kwa ekari anazolima mwaka huo. Na majina, ekari na mifuko ya kila kijiji yangebandikwa ukutani kwenye ofisi ya chifu kabla ya Februari kuisha, ili jirani aliyeandikiwa ekari kumi akiwa na mbili asomwe na watu wanaolijua shamba lake, wiki tatu kabla ya mbegu kuingia udongoni.